Nyika ya Dutwa: Shoka, Pamba na Ngitili

Ukishika barabara ya lami kutoka Lamadi kwenda Bariadi, mkoani Simiyu, unapita Dutwa kabla ya kufika Nyakabindi. Nchi ni tambarare: pamba na mahindi juu kwenye kichanga, majaluba ya mpunga chini kwenye mbuga, na vilima vyekundu vichache kwa mbali. Mgeni anayepita Septemba, vumbi limetanda na mbavu za ng'ombe zinahesabika, hufikiri nchi hii iliumbwa hivyo. Haikuumbwa hivyo. Miaka mia moja iliyopita sehemu kubwa za Usukuma zilikuwa pori la migunga na vichaka, na pori hilo halikuisha lenyewe. Lilikatwa kwa mpango, kwa amri ya serikali na idhini ya watemi, na waliolikata walihesabiwa kuwa wamefanya jambo la maendeleo.

Pori lenyewe nalo halikuwa la kale sana. Katika miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka Pembe ya Afrika ikafyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Wasukuma, ambao mahari, mbolea, heshima na akiba ya njaa vyote vilikuwa zizini, walibaki mikono mitupu. Ikafuata ndui, ikafuata njaa, kisha Vita Kuu ya Kwanza ikachukua wapagazi na chakula. Mifugo inapotoweka na watu wakapungua, hakuna wa kula chipukizi, hakuna wa kuchoma nyasi kwa wakati, hakuna wa kukata nguzo. Vichaka vikasogea hadi mlangoni, na ndani ya vichaka akaja mbung'o. Ng'ombe wachache waliosalia wakafa kwa nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, na watu wakahama pale ambapo pori lilikuwa limewazingira.

Hapo ndipo anapoingia Charles Swynnerton, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yake yakiwa Shinyanga. Swynnerton aliamini kwamba mbung'o hawindwi mmoja mmoja. Ananyang'anywa kivuli. Kata vichaka anavyopumzikia mchana, choma nyasi mwishoni mwa kiangazi zikiwa kavu kabisa ili moto uwe mkali, kisha lete watu walime na ng'ombe wachunge papo hapo ili pori lisipate nafasi ya kurudi. Lakini hakuwa na bajeti ya kazi hiyo. Alichokuwa nacho ni Mtemi Makwaia wa Busiya, mtawala mwenye nguvu aliyeweza kuita watu wake wakaitika. Kuanzia miaka ya 1920 maelfu ya wanaume walitoka na mashoka kila kiangazi kufyeka ukanda baada ya ukanda. Kazi ilifanywa kwa mtindo ambao Wasukuma waliujua tangu zamani, ule wa vijana kukusanyika kulima shamba la mtu kwa ngoma, chakula na mashindano. Mwingereza aliita hiyo kazi ya jumuiya. Mwenye shoka huenda aliipa jina jingine.

Swynnerton alikufa mwaka 1938 ndege yake ilipoanguka, lakini ufyekaji uliendelea miaka ya 1940. Baadaye ikaongezwa sababu ya pili ya kukata: kwelea kwelea, ndege wadogo wanaoshuka kwenye mtama na uwele kwa makundi makubwa, ambao viota vyao viko kwenye migunga. Kwa hiyo mti ulikuwa na mashtaka mawili, kuficha mbung'o na kulea ndege.

Wasukuma wana habari za Ng'wanamalundi, mcheza ngoma na mganga wa enzi hizohizo, ambaye inasemekana alikuwa akinyoosha kidole miti ikakauka. Ni mojawapo ya hadithi zinazopendwa zaidi Kanda ya Ziwa hadi leo. Kwa upande wa miti, hata hivyo, kidole cha Ng'wanamalundi hakikufikia hata robo ya mashoka ya idara ya mbung'o.

Na mpango ulifaulu. Hilo lazima lisemwe, maana siku hizi ni rahisi kuwacheka watu wa zamani. Mbung'o aliondoka, ng'ombe wakaongezeka, watu wakarudi kwenye nchi waliyokuwa wameikimbia. Pamba, ambayo Wajerumani walikuwa wameanza kuihimiza mwanzoni mwa karne, ikapata uwanja mpana usio na visiki, na plau ya kukokotwa na maksai ikapita bila kikwazo. Chama kikuu cha ushirika cha Victoria Federation, kilichoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, kilikuja kutajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Baiskeli, bati na ada za shule vilitoka kwenye pamba hiyo.

Ila udongo una kumbukumbu yake. Mkulima wa Kisukuma huusoma kuanzia mlimani kwenda bondeni, na kila ngazi ina jina. Juu karibu na mawe ni luseni, kichanga chepesi kinachofaa mihogo, karanga na viazi. Chini yake ni itogolo, udongo wenye tabaka gumu chini ambalo maji hayapenyi, na huo ndio uliokuwa ukiachiwa malisho. Ibushi una chokaa. Na chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama, na unaonata masika hadi gari linakwama. Kila ngazi ilikuwa na kazi yake na msimu wake. Pamba ilipopanda bei, watu walilima luseni mfululizo bila kuupumzisha, wakashuka kulima hadi itogolo, na ng'ombe waliozidi wakabanwa kwenye vipande vilivyobaki. Mvua ya huko, ambayo kwa kawaida ni kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, hainyeshi polepole. Hunyesha kwa kishindo, kwa siku chache. Bila mizizi ya kuushika, udongo wa juu ulikwenda na maji.

Wakoloni waliliona hilo mapema na wakajibu kwa namna waliyoijua. Mwaka 1947 wakaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliokwenda hadi 1956, ukisimamiwa pamoja na shirikisho la watemi lililokuwa na makao Malya. Maofisa wa kilimo walipiga hesabu: watu wangapi na ng'ombe wangapi wanaweza kukaa kwenye maili moja ya mraba bila kuiharibu. Waliozidi wahame kwenda Geita na kwingine, na mifugo iliyozidi iuzwe. Kisha zikaja sheria ndogo. Lima matuta yaliyofungwa, weka samadi, panda mihogo ya akiba, peleka ng'ombe joshoni na ulipie, punguza kundi. Kila moja ya amri hizo ilikuwa na akili. Zikiletwa zote pamoja, na faini juu yake, zilikuwa kero. Mtu aliyekuwa na ng'ombe arobaini alijua kwamba ukame ukija watabaki kumi na watano, na kwamba jirani mwenye kumi atabaki na wanne, ambao hawatoshi hata kwa mahari ya mtoto mmoja. Kumwambia apunguze kundi ilikuwa sawa na kumwambia afunge akaunti yake benki. Chuki dhidi ya amri hizo ilikuwa kuni nzuri kwa TANU, chama cha kupigania uhuru, ambacho serikali ilikizuia kufanya kazi Usukuma kwa miaka kadhaa katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1958 Geita ikalipuka kwa upinzani. Sheria zikafa kifo cha kimyakimya. Kilichobaki cha maana ni malambo ya mpango huo, ambayo baadhi yake mifugo inanywa hadi leo.

Uhuru ulikuja, ng'ombe wakazidi, pamba ikazidi. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya 1974 na 1975, na hapo pigo likaangukia kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani ya ofisa yeyote. Msukuma hakuishi kwenye kijiji cha nyumba zilizojipanga. Aliishi katikati ya shamba lake, nyumba imezungukwa na uzio wa minyaa, na karibu na nyumba alikuwa na kipande cha malisho alichokifunga kila masika. Alipoamriwa ahamie kijijini, aliacha vyote. Kipande kile kikawa cha kila mtu, na cha kila mtu ni cha atakayewahi. Ndani ya miaka kumi vingi vilikuwa vimeliwa hadi mizizi.

Katikati ya miaka ya 1980, kabla hajang'atuka urais, Mwalimu Nyerere alitembelea Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Alichokiona kilimshtua kiasi cha kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, chini ya wizara iliyohusika na maliasili, kwa fedha za NORAD, shirika la misaada la Norwei, na baadaye kwa utaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF.

HASHI ilianza kama miradi yote ya miti ilivyokuwa ikianza wakati ule. Ilikuwa na vitalu vikubwa vya serikali, miche ya miti inayokua haraka ambayo mingi ilitoka nje, malori ya kuigawa na siku ya kupanda yenye mgeni rasmi. Mchwa walikula mingi, mbuzi wakala mingine, na iliyobaki ilikosa maji Agosti. Hatua ya maana ilikuja pale maofisa walipoacha kuuliza watu wanataka mche gani, wakaanza kuuliza zamani walikuwa wanafanya nini. Jibu lilikuwa neno ambalo kila mzee alikuwa nalo mdomoni: ngitili.

Inafaa tulitazame jambo hili kwa karibu, kwa sababu ukilisoma kwenye ripoti linaonekana kama msitu, na si msitu. Ngitili ni malisho yaliyofungwa. Mvua zinapoanza, mwenye kipande anakifunga. Hakuna senyenge. Pengine mpaka ni mstari wa minyaa au mkonge, pengine ni kichuguu, mti na kijia ambacho watu wote wanakijua. Mifugo inachungwa kwingine, kwenye mabua na maeneo ya wazi, huku ndani ya ngitili nyasi zinakua, zinatoa maua, zinadondosha mbegu na kukauka zikiwa zimesimama. Mwezi wa saba au wa nane, kwingine pamebaki udongo mtupu, ndipo kinafunguliwa. Hakifunguliwi chote. Sehemu moja inalishwa hadi iishe kabla ya kwenda nyingine. Wa kwanza kuingia ni wale wasioweza kufuata kundi mbali: ndama, ng'ombe wakongwe au wagonjwa, wenye kunyonyesha, na maksai ambao mvua ikirudi watatakiwa kulima wakiwa na nguvu. Dume lenye afya linaweza kutembea hadi mtoni; ndama hawezi.

Miti inarudi humo kama faida ya pembeni. Chini ya ardhi iliyofyekwa miaka ya 1930 mizizi na mbegu za migunga na mipingo zilikuwa bado hai, na kilichozizuia kutoka ni meno na miguu ya mifugo. Ukifunga kipande kwa misimu mitatu minne, vichipukizi vinapita kimo cha mbuzi na kuanzia hapo vinajitunza. Hakuna kitalu kilichohitajika wala mche ulionunuliwa. Kwa gharama, nijuavyo, ni vigumu kupata njia rahisi zaidi ya kurudisha pori.

Ulinzi nao ulikuwepo tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wameanzisha sungusungu, walinzi wa jadi, kupambana na wezi wa ng'ombe. Sungusungu hao hao wakapewa kazi ya kulinda ngitili. Kesi zilikwenda kwenye dagashida, mkutano wa jadi unaokaa chini ya mti, na aliyelisha bila ruhusa alitozwa mchenya, faini ambayo wazee na vijana waliipanga wenyewe. Ofisa wa HASHI alikaa pembeni. Halmashauri ya kijiji ikaandika sheria ndogo zilizofanana na kile ambacho dagashida ilikuwa imeshaamua, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 pamoja na Sheria ya Misitu ya 2002 zikatoa kivuli cha kisheria. Amri iliyoshindikana kwa ofisa wa 1950 mwenye kofia na kitabu cha faini ilitekelezwa na vijana wenye filimbi na marungu, kwa sababu ng'ombe wa mwenyekiti wao alitozwa kama ng'ombe wa mwingine yeyote. Angalau pale mambo yalipokwenda vizuri.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana rasmi mkoani zilikuwa takriban hekta 600. Ilipofika 2002 makadirio yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000 kwenye vijiji 833. Sampuli ya vijiji 172 ilikuta ngitili 18,607, ambapo 284 tu zilikuwa za jumuiya na zilizobaki zilikuwa za kaya. Utafiti wa wakati huo ulikadiria kwamba faida ya ngitili, kuanzia kuni, nguzo na nyasi za kuezekea hadi asali, uyoga, mboga za porini na dawa, ilifikia dola 14 kwa mtu kwa mwezi, huku wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ukiwa dola 8.50. Wanawake waliokuwa wakitembea nusu siku kutafuta kuni waliokoa kati ya saa mbili na sita. Ukitaka kujua mradi wa mazingira umefaulu au umeshindwa, hiyo ni takwimu bora kuliko ya hekta.

Kuna jambo kuhusu Norwei ambalo naona halikuzungumzwa vya kutosha. Fedha za HASHI zilitoka nchi ambayo kaskazini yake, Finnmark, iko ndani ya Aktiki, na huko wanaishi Wasami wafugaji wa kulungu wa barafu. Wao pia wana malisho ya majira: kiangazi wanahamia pwani, baridi wanarudi bara ambako kulungu wanafukua theluji kula kuvumwani zinazokua polepole mno. Miaka ileile ya 1980 ambapo serikali yao ilikuwa inalipia hifadhi ya ardhi Shinyanga, makundi ya kulungu Finnmark yalikuwa yamezidi malisho, na wataalamu wa Oslo walikuwa wakibishana na wafugaji kuhusu idadi, lugha ikiwa karibu ileile waliyoisikia wazee wa Malya mwaka 1950. Leo tatizo lao limeongezeka sura: mvua inanyesha katikati ya baridi, inaganda juu ya theluji, na kulungu anashindwa kuvunja barafu afikie chakula. Mfugaji wa Bariadi anayesubiri mvua za Novemba zinazochelewa hadi Desemba angeelewana na mfugaji huyo haraka kuliko watumishi waliotumwa kati yao.

HASHI ilifungwa mwaka 2004 na kazi zake kubaki kwa kituo cha serikali cha misitu ya asili na kilimo mseto mjini Shinyanga. Tangu hapo hadithi imekuwa na mawimbi. Ngitili za kaya zilidumu kuliko za jumuiya, na hilo lina bei yake: mwenye ardhi hukodisha nyasi kwa asiye nayo, na kiangazi kikali nyasi hizo huwa ghali. Masikini aliyekuwa akichunga kwenye eneo la wazi amepoteza eneo hilo. Wengine wamefanya kile Wasukuma walichokifanya kwa vizazi, wameswaga ng'ombe kwenda mbali: Rukwa, Usangu, Kilombero, hadi kusini kabisa ya nchi. Mwaka 2006 na 2007, baada ya ukame mkali, serikali iliwaondoa wafugaji Usangu ili kuokoa Mto Ruaha Mkuu, na wengi wa waliosukumwa walikuwa Wasukuma. Ripoti zinazosifu uoto uliorudi Shinyanga zingekuwa za haki zaidi kama zingehesabu pia ng'ombe waliokwenda kula nyasi za watu wengine.

Na bado kuna pamba. Simiyu, uliofanywa mkoa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, ndio unaoongoza nchini kwa zao hilo. Bei ikipanda, plau inaingia kwenye ngitili. Mti mmoja unachukua miaka ishirini kukua na msimu mmoja kung'olewa.

Dutwa yenyewe imepata mgeni mwingine. Vile vilima vyekundu, Wamangola karibu na Dutwa na Ngasamo upande wa Busega, vina nikeli. Kampuni ya African Eagle iliyosajiliwa London ilivichoronga kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000 ikakadiria takriban tani milioni 100 za mwamba, zenye nikeli chini kidogo ya asilimia moja. Bei ya nikeli ilishuka, fedha zikakosekana, kampuni ikauza mradi. Lakini sasa dunia inataka nikeli kwa betri za magari ya umeme, ili ipunguze moshi unaopasha joto Aktiki na kuchelewesha mvua za Novemba. Kuchenjua mwamba wa aina hiyo kunahitaji asidi nyingi na maji mengi. Maji ndiyo hasa Dutwa haina.

Maji hayo yanatafutwa ziwani. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW, kwa mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Viktoria kwenda wilaya tano za Simiyu, pamoja na fungu la kilimo kinachohimili ukame. Kwa mama anayechota maji ya matope kwenye shimo lililochimbwa katikati ya mto mkavu, hakuna hoja ya kuupinga. Ila Mto Simiyu, unaokusanya maji ya Duma na vijito vya nchi hiyo ya pamba na kuyaingiza Ghuba ya Speke, ni miongoni mwa mito inayolaumiwa zaidi kwa udongo, samadi na mabaki ya dawa za pamba vinavyofika ziwani upande wa Tanzania. Kila ngitili inayolimwa juu inaongeza tope huko chini. Mitambo itachuja tope hilo, itayapandisha maji hadi Bariadi, na gharama ya kuyachuja itakuwa ndani ya bili ya yule aliyelima ngitili.